Our Power wa Maine: kikundi kidogo kilichotaka kununua nguzo na nyaya za jimbo zima

Nimeifuatilia hii ishu ya Maine tangu kabla ya kura kupigwa, na kila nikiirudia naona kuna kitu sisi tunaotetea umeme wa umma hatukijadili vya kutosha, kwa hiyo nimeamua kuiandika yote toka mwanzo. Tarehe 7 Novemba 2023 wananchi wa jimbo la Maine, kule Marekani, walipiga kura kuhusu kuzinunua kampuni mbili kubwa za umeme na kuzifanya mali ya wateja wenyewe. Karibu asilimia 70 wakasema hapana. Ukiuliza kwa nini, jibu la haraka unalopewa ni pesa, kampuni zilimwaga pesa, basi, mjadala umekwisha. Ni kweli zilimwaga na hizo hesabu nitazileta, lakini mimi nadhani pesa ilipata pa kupenyea, na pale ilipopenya palikuwa pameachwa wazi na Our Power wenyewe, kikundi cha wanaharakati kilicholeta hilo swali kwenye kura, ambao nawaheshimu kwa dhati na nilitamani washinde.

Kwanza tuwaelewe. Maine ni jimbo la kaskazini mashariki kabisa, linapakana na Kanada, misitu mingi, baridi kali, watu kama milioni 1.3 na ushee. Umeme karibu wote unasambazwa na kampuni mbili tu. Kubwa ni Central Maine Power, watu wanaiita CMP, yenye wateja zaidi ya laki sita, na mwenye nayo ukipanda juu kabisa ni Iberdrola ya Hispania kupitia kampuni yake ya Marekani inayoitwa Avangrid. Ya pili ni Versant, iko upande wa kaskazini na mashariki, hii ilinunuliwa 2020 na ENMAX ya Kanada. Na ENMAX yenyewe ni mali ya mji wa Calgary, yaani ni shirika la umma, ila umma wa kwingine. Hii pointi Our Power waliisema sana na walikuwa na haki ya kuisema, kwamba faida inayotoka kwenye bili ya bibi mmoja wa kijijini Maine inaenda kusaidia bajeti ya mji ulioko nchi nyingine, sasa kama umma wa Calgary unaruhusiwa kumiliki nyaya za Maine kwa nini umma wa Maine usizimiliki?

Hasira zilianza mwishoni mwa Oktoba 2017. Mambo mawili yaligongana ndani ya siku chache. Kimbunga cha upepo kilipita kikaangusha miti juu ya laini, wateja zaidi ya laki nne wakabaki gizani, wengine kwa siku nyingi. Wakati huohuo CMP walikuwa wanahamia kwenye mfumo mpya wa kompyuta wa kutoa bili. Miezi iliyofuata bili zikaanza kuja za ajabu, mtu aliyezoea kulipa kiasi fulani anakuta imepanda mno, akipiga simu anasubiri, akipokelewa haelezwi kitu cha maana. Malalamiko yakawa maelfu. Tume ya jimbo inayosimamia huduma za umma ilichunguza ikaona mita zenyewe kwa sehemu kubwa hazikuwa na tatizo, baridi ya mwaka ule na bei vilichangia sana, ila ikasema kampuni iliuzindua ule mfumo vibaya na ikawahudumia wateja vibaya, na mwanzoni mwa 2020 ikaikata faida yake inayoruhusiwa, adhabu iliyofika kama dola milioni 10 kwa mwaka. Kwenye zile tafiti za kuridhika kwa wateja CMP ilishika mkia mara kadhaa miaka hiyo.

Hapo ndipo Our Power walipotokea. Usiwaze ofisi kubwa yenye wafanyakazi mia. Ni kikundi cha watu wachache chenye mishahara ya kuhesabu kwa vidole na watu wengi wa kujitolea. Jina linalojulikana zaidi ni Seth Berry, alikuwa mbunge wa bunge la jimbo kutoka mji mdogo wa Bowdoinham na aliwahi kuongoza walio wengi bungeni, na ndiye aliyekuwa anausukuma huu muswada tangu 2019. Seneta wa jimbo Nicole Grohoski naye alikuwa mstari wa mbele. Nyuma yao kulikuwa na wanasheria waliowahi kutetea watumiaji wa umeme, wastaafu, vijana wa harakati za tabianchi, wanachama wa vyama vya mrengo wa kushoto waliokuwa wanagonga milango jioni baada ya kazi. Kinachonigusa kwa hawa watu ni kwamba karibu wote walijifunza umeme ukubwani, yaani mtu alianza na bili iliyomkera akaishia anasoma sheria za viwango vya faida vya mashirika ya umeme usiku na kukariri vifungu. Watu wa namna hii ni adimu, na ndio wanaofanya jambo kama hili liwezekane hata kujadiliwa.

Wazo lao lilikuwa hivi. Liundwe shirika linaloitwa Pine Tree Power, lisilotafuta faida, lenye bodi ya watu 13, saba wanachaguliwa na wananchi na sita wanateuliwa na hao saba kwa utaalamu wao. Shirika litakopa kwa kuuza hatifungani, litazinunua CMP na Versant, nguzo, nyaya, transfoma, mita, kila kitu, halafu mkopo utalipwa polepole kutokana na bili zilezile za umeme, bila kugusa kodi ya jimbo. Na uendeshaji wa kila siku, mafundi, magari, huduma kwa wateja, ungepewa kampuni binafsi kwa mkataba.

Kiuchumi hoja yao ni rahisi na mimi naikubali. Kampuni binafsi ikijenga laini inaruhusiwa kisheria kudai faida kwa wenye hisa juu ya mtaji wake, kwa CMP ni asilimia tisa na kitu. Shirika la umma halina mwenye hisa, linalipa riba ya mkopo tu ambayo kwa kawaida iko chini ya hapo. Kwa biashara ambayo karibu yote ni vyuma na nguzo vinavyokaa miaka arobaini, tofauti ya asilimia chache kila mwaka ni hela nyingi sana. Wala si ndoto, jimbo zima la Nebraska linahudumiwa na mashirika ya umma na ushirika tangu miaka ya 1940. Ila kuna kipande kimoja kinachopaswa kusemwa palepale, nacho ni kwamba akiba inakuja baadaye, mwanzoni unabeba deni la kununulia. Utafiti uliofanyika kwa niaba ya tume ya jimbo mwaka 2020 ulionyesha mwelekeo huohuo, bei inaweza kupanda kidogo miaka ya mwanzo halafu nafuu ije mbele.

Bungeni walifika mbali kuliko watu wengi wanavyokumbuka. 2021 muswada wao ulipita mabunge yote mawili, kwa lengo la kuupeleka kwa wananchi wapige kura. Gavana Janet Mills, ambaye ni wa chama cha Democrat kama wengi wa waliouunga mkono, akaukataa mwezi Julai, na kura za kulipindua katazo lake hazikutosha. Wengi wangekata tamaa pale. Our Power wakaamua kwenda barabarani, maana sheria ya Maine inaruhusu wananchi wenyewe kuleta sheria kwenye kura wakipata sahihi za kutosha, na kiwango kilikuwa sahihi 63,067. Wakazunguka kwenye maonyesho ya kilimo, nje ya vituo vya kupigia kura, sokoni, kwenye baridi, na tarehe 31 Oktoba 2022 wakawasilisha zaidi ya 80,000. Ukitaka kujua hiyo ni kazi ya namna gani jaribu kumsimamisha mtu mmoja asiyekujua umweleze mambo ya hatifungani mpaka akubali kusaini, halafu zidisha mara elfu themanini.

Sasa tuje kwenye mwaka wenyewe wa kura.

Upande wa kampuni ulitumia zaidi ya dola milioni 37. Our Power walikuwa na kama dola milioni 1 na kidogo. Weka hizo namba pamoja, ni kama mara thelathini. Kwa jimbo dogo hivyo ilimaanisha kila ukifungua televisheni ni tangazo, ukifungua simu ni tangazo, sanduku la barua limejaa vipeperushi. Pesa zilitoka kwenye kampuni mama, Avangrid na ENMAX. Na kitu nilichokiona kwa makini ni kwamba yale matangazo hayakujisumbua kuisifia CMP, walijua haipendwi. Yalirudia jambo moja tu kwa miezi, dola bilioni 13.5.

Hiyo namba ilitoka kwa washauri walioajiriwa na upande wa kampuni, ni makadirio ya gharama ya juu ya ununuzi. Our Power walisema ni uongo wa kutisha watu, kwamba bei halisi ingekuwa chini sana, na kwamba kwa miaka 30 wananchi wangeokoa kama dola bilioni 9. Wakasema pia bei itaamuliwa kwa mazungumzo na ikishindikana mahakama ya jimbo ndiyo itaamua, ambayo ni kweli kabisa kwa mujibu wa muswada wao. Lakini hebu jiweke kwenye nafasi ya mtu aliyekaa mezani na bili yake. Upande mmoja unamwambia bilioni 13.5, namba moja, fupi, inaandikika kwenye bango. Upande mwingine unamwambia inategemea, kutakuwa na mazungumzo, jaji ataamua, halafu baada ya miongo mitatu utakuwa umeokoa. Wa kwanza anadanganya kwa kuzidisha, wa pili anasema ukweli, na bado wa kwanza ndiye anayeeleweka. Huyu mpiga kura si mjinga, anaombwa aweke sahihi kwenye ununuzi ambao bei yake itajulikana akishakubali, na wewe na mimi tukiambiwa hivyo kuhusu kiwanja tungekimbia.

Hapa ndipo nasema pameachwa wazi. Kosa silioni kwenye kukosa namba kamili, maana haikuwezekana kuwa nayo, kampuni hazikutaka kuuza kwa hiyo hakuna bei mpaka mahakama iseme. Kosa ni kwamba muswada haukuweka breki. Haukusema mahakama ikishatoa bei wananchi watarudi kuulizwa tena, mnanunua kwa hii bei au hamnunui. Haukusema ikizidi kiwango fulani zoezi linasimama. Kifungu kimoja cha namna hiyo kingeifanya ile bilioni 13.5 iwe haina meno, kwa sababu jibu lingekuwa fupi kuliko tangazo lenyewe, ikiwa ghali hivyo tutakataa. Badala yake upande wa kampuni ndio uliotengeneza breki, wakaleta swali lao kwenye kura ileile, swali namba 1, kwamba mashirika ya namna hii yakitaka kukopa zaidi ya dola bilioni 1 lazima wananchi waulizwe kwanza. Likapita. Kwa hiyo adui ndiye aliyewapa wananchi kile walichokuwa wanakitaka, uhakika wa kuulizwa, na akakitumia kama silaha. Hii ndiyo sehemu inayoniuma kuliko zote kwenye kisa hiki.

Kuna mianya mingine midogo. Chama cha wafanyakazi wa umeme kilipinga. Muswada uliahidi wafanyakazi wote wabaki na kazi zao na mikataba yao, na ile kuweka kampuni binafsi ya uendeshaji ilikuwa kwa ajili yao kwa kiasi kikubwa, maana kwa sheria ya Marekani mfanyakazi wa serikali hana haki zilezile za kugoma na kujadiliana kama wa sekta binafsi. Lakini fundi anayepanda nguzo kwenye barafu aliona anahamishwa kutoka kwa mwajiri anayemjua kwenda kwa asiyejulikana jina, kwa ahadi. Wakati fundi mwenyewe anasimama kwenye tangazo kusema hapana, wewe mwanaharakati unayesema unatetea kazi unapata shida kumjibu, na ukweli ni kwamba hakuna jibu zuri la dakika ya mwisho, ilibidi wakae mezani na mafundi miaka mitatu kabla na waandike nao kile kifungu, mstari kwa mstari.

Na hiyo ya mwendeshaji binafsi ilileta maumivu mengine ya kichwa. Mpiga kura anasikia umeme uwe wa umma, halafu anaambiwa utaendeshwa na kampuni. Anauliza, sasa tunabadilisha nini? Watu wakawa wanatolea mfano Long Island, New York, ambako shirika la umma linamiliki nyaya na kampuni binafsi inaendesha, na dhoruba zikija kila mmoja anamnyooshea mwenzake kidole. Mfano ule una mambo yake, lile shirika lilirithi deni kubwa la mtambo wa nyuklia ambao haukuwahi kufanya kazi kibiashara, lakini nani ana muda wa kueleza hayo mlangoni kwa mtu?

Kingine ni bili yenyewe. Kule Maine tangu mwaka 2000 anayesambaza umeme si yule anayeuzalisha, kwa hiyo bili ina sehemu mbili, ya umeme wenyewe na ya kuusafirisha. 2022 na 2023 sehemu iliyopaa vibaya ni ya umeme wenyewe, kwa sababu kanda ile inategemea sana gesi asilia na bei ya gesi ilipanda. CMP haipati faida kwenye sehemu hiyo na Pine Tree Power isingeweza kuishusha. Hasira ya watu ilikuwa kubwa mwaka ule na kampeni ikaipanda hiyo hasira, lakini mtu aliyekuja kugundua kwamba hata tukinunua nyaya zote ile sehemu iliyomuumiza inabaki palepale alijiona amechezewa, hata kama hakuna aliyekusudia.

Halafu tarehe 25 Oktoba, wiki mbili kabla ya kura, mtu mwenye bunduki aliua watu 18 mjini Lewiston. Jimbo zima likaingia kwenye msiba. Siku zile ndizo kikundi kisicho na hela huzitegemea, siku za kugonga milango, na hakuna aliyekuwa na moyo wa kugonga mlango wa mtu kumwambia habari za nguzo za umeme. Sisemi ilibadilisha matokeo, pengo lilikuwa kubwa mno, ila ukiwaza wale vijana walivyomaliza kampeni yao inasikitisha.

Kitu ambacho mimi ningekifanya tofauti kabisa, na nasema hivi nikijua kukosoa ukiwa mbali ni rahisi, ni kuanzia kwenye kile kilichopo tayari. Ndani ya Maine hiyohiyo kuna mashirika madogo karibu kumi ya umeme yanayomilikiwa na wateja au miji. Kennebunk wana lao. Madison wana lao. Houlton umeme unaendeshwa na shirika la maji la mji. Visiwa vya Vinalhaven na North Haven vina ushirika wao, Fox Islands, uliosimamisha mitambo mitatu ya upepo mwaka 2009. Huko keshia anakujua jina, na bodi inakaa kwenye ukumbi uleule unaofanyiwa harusi. Our Power walizitaja hizi sehemu na bei zao, lakini zilibaki kama takwimu kwenye kipeperushi. Sijawahi kuelewa kwa nini kampeni nzima haikuwa meneja wa Kennebunk na wavuvi wa Vinalhaven wakionyesha bili zao kila jioni, maana hoja ya shirika lisilokuwepo inashindwa na woga, ila huwezi kumtisha mtu kuhusu kitu ambacho jirani yake anacho. Na kwa mtindo huo pengine wangeenda mji kwa mji au wilaya kwa wilaya badala ya jimbo zima kwa mpigo mmoja.

Najua jibu lao, kwamba mji mmoja mmoja unamalizwa na kampuni mahakamani, na wana ushahidi. Mji wa Boulder, Colorado, ulipiga kura 2011 ya kujitenga na kampuni yake ya umeme, ukapambana miaka tisa kwa mamilioni ya dola ya mawakili, na 2020 wananchi wenyewe wakakubali kurudi. Sacramento, California, wao walipiga kura 1923 na shirika lao likaanza kusambaza umeme mwisho wa 1946. Kwa hiyo hakuna njia fupi, hiyo naikubali. Ila Boulder walipochoka walikuwa na kitu cha kurudi nacho mezani, kampuni iliwapa ahadi kwenye mkataba mpya. Maine walicheza karata moja, na iliposhindwa kampuni hazikulazimika kutoa chochote.

Kuna matokeo mengine ya siku ileile ambayo nayarudia kila mtu akiniambia watu wa Maine waliipenda CMP. Swali namba 2 kwenye karatasi ileile liliuliza kama kampuni zinazomilikiwa na serikali za nje, ENMAX ikiwemo, zipigwe marufuku kutumia pesa kwenye uchaguzi wa Maine. Asilimia 86 walisema ndiyo. Watu walewale, siku ileile, kalamu ileile. CMP na Versant wakaenda mahakamani, na Februari 2024 jaji wa mahakama ya shirikisho akaisimamisha hiyo sheria siku moja kabla haijaanza kutumika.